Risasi za Bei Nafuu

Mama mkwe alipopiga simu kutoka Tanga akitaka kusema na mwanawe, nilimjibu kwa nia njema kabisa: "Yuko gereji, mama, anatengeneza risasi." Kukawa kimya. Nikadhani ni mtandao. Nikaita haloo, haloo, nikasikia pumzi, kisha simu ikakatwa. Baadaye kidogo ikaingia namba nisiyoijua, ya jirani yake pale Chumbageni, na sauti ya mama mkwe ikinong'ona kana kwamba askari wameketi ukumbini kwake: "Mwanangu, mumeo ameingia katika mambo gani huko? Mna deni la watu?"

Nilimwelewa. Kwetu, sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mzaha, na ukikutwa uani unasubu risasi hakuna atakayekuuliza umeokoa shilingi ngapi. Hapa Marekani mambo ni mengine. Sheria ya shirikisho inamwachia mtu ajitengenezee risasi za matumizi yake bila leseni. Leseni inadaiwa pale anapotengeneza za kuuza. Vifaa vya kazi hiyo vinauzwa dukani mchana kweupe, rafu moja na ndoana za samaki na soksi za sufu. Nikamweleza mama mkwe yote hayo, taratibu, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo hakuna Mmarekani aliyewahi kuniuliza:

"Nyusi zake bado anazo?"

Kumbe baba yake mzazi alikuwa mwindaji huko Handeni, mtu wa gobore. Baruti unaimwaga kwa mdomo wa mtutu, unafuatiza kitambaa, unafuatiza vipande vya chuma, unashindilia kwa fimbo, unasali. Asubuhi moja mzee alirudi kutoka porini bila nyama na bila nyusi. Mama mkwe anaijua kazi hii kuliko mwanawe.

Nikamtoa wasiwasi. Nyusi anazo zote mbili. Kilichoungua ni bajeti.

Chanzo cha balaa ni jirani yetu, mzee mstaafu aliyefanya kazi maisha yake yote katika viwanda vya matairi vya Akron, hapa Ohio. Huyu ndiye aliyemchukua baba watoto kuwinda kwa mara ya kwanza, akamuuzia na shotigani yake kuukuu ya geji 12. Vipimo vya bunduki hizi ni vya kizamani na vinanifurahisha, kwa sababu ni vya ratili, zile za bibi zetu: geji 12 maana yake ni kwamba donge la mviringo la risasi linaloenea ndani ya mtutu, ukichukua madonge 12 ya namna hiyo, unapata ratili moja. Kwa hiyo geji 20 ni mtutu mwembamba zaidi, na mtu anayedhani namba kubwa ni bunduki kubwa hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni. Mume wangu alijulikana.

Shotigani kwa kawaida hurusha marisau, na marisau ni ya ndege na sungura. Kulungu humpigi kwa changarawe. Kwake unahitaji slagi, donge moja zima la risasi lenye uzito wa wakia moja hivi, karibu gramu 28, linalotoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Ohio kwa miaka mingi ilikataza raifo kwa kulungu, kwa sababu sehemu kubwa ya jimbo ni tambarare, nyumba zimetapakaa kati ya mashamba ya mahindi, na risasi ya raifo ikikosa mnyama huendelea na safari yake mpaka imkute mtu anayeanika nguo. Slagi huchoka mapema. Tangu 2014 jimbo limeruhusu raifo za aina fulani, zile zenye risasi ya ganda lililonyooka. Habari hiyo niliisoma mimi, nikampelekea mume wangu nikidhani namletea ukombozi. Akanijibu kwamba shotigani anayo tayari, kununua raifo ni ufujaji.

Neno hilo, ufujaji, aliendelea kulitumia muda wote sanduku baada ya sanduku likishushwa mlangoni kwetu.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Slagi za dukani huuzwa tano kwa kiboksi, na bei ya kiboksi humfanya mtu mzima aguse mfuko. Ukijitengenezea mwenyewe, maganda unaokota uwanja wa shabaha, risasi unaomba kwa mafundi wa matairi, kinachobaki ni fataki, baruti na vikombe vya plastiki. Senti tu! Akaiandika hesabu hiyo kwa chaki ukutani mwa gereji, juu ya friji ya akiba. Nikauliza mashine ya kushindilia iko wapi katika hesabu. Akasema mashine hainunuliwi kila siku, igawanye kwa slagi elfu moja. Na mizani? Elfu moja. Na sufuria ya umeme ya kuyeyushia, na kalibu, na kitabu cha vipimo? Elfu, elfu, elfu. Kulungu mmoja humalizwa na slagi moja, mwenye mkono wa kutetemeka atumie mbili. Nikafikiria friji yetu ikimeza kulungu mia tano.

Na kila kifaa kilifika na karatasi ya kueleza kwamba bila kifaa kingine hakifanyi kazi.

Risasi yenyewe ilikuja bure, na ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mafundi wa matairi huweka vizani vidogo ukingoni mwa rimu ili gurudumu lisitikisike, na vile vilivyong'olewa hutupwa ndoo moja. Jirani alifahamiana na fundi. Mume wangu akarudi na ndoo kwenye buti, gari limeinama nyuma mpaka taa za mbele zinamulika miti. Akaishika ndoo kwa mkono wake, akaivuta kwa bismillahi, mkono ukatoka, ndoo ikabaki. Ndani mlikuwa na vizani, vali za matairi, vipisi vya sigara, na grisi ya miaka.

Sasa, si kila kizani ni risasi. Majimbo kama Washington na California yamepiga marufuku vizani vya risasi, na viwanda vimehamia kwenye zinki na chuma, kwa hiyo ndoo moja huchanganya vyote. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 419. Sufuria ikiwa na joto la wastani, chuma na zinki huelea juu ukazichota na kijiko; ukizidisha moto, zinki huingia ndani na sufuria nzima hugeuka uji mzito usiotaka kuingia kwenye kalibu. Kwa hiyo inabidi kupambanua kimoja kimoja kabla ya kuwasha. Ukikibana kwa koleo, kizani cha risasi hubonyea, cha zinki hukaidi. Ukikidondosha kwenye sakafu ya saruji, cha risasi hutoa sauti ya kuchoka, cha zinki hulia kling'! Wikendi nzima nyumba yetu ilisikika kling', kling', pwa, kling'.

Hapo ndipo nilipoingia kazini, maana mimi kazi yangu ni maabara ya damu. Najua risasi ikiingia mwilini hufanya nini, na najua kwamba tangu 2021 kiwango kinachowashtua madaktari wa watoto hapa ni mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu, kiasi ambacho hakionekani, hakinuki, na hukaa kwenye soli ya kiatu. Nikabandika amri zangu juu ya hesabu yake ya chaki. Viatu vya gereji havivuki kizingiti. Hakuna karanga, hakuna kahawa, hakuna kujilamba kidole. Mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitasa. Nguo zinafuliwa peke yake. Watoto wakaambiwa gereji imekuwa nchi nyingine yenye viza, na balozi ni mimi. Friji ya akiba ikahamia chumba cha kufulia, kwa jasho la mwenye risasi.

Siku ya kuyeyusha alifungua mlango mkubwa wa gereji, akavaa miwani, glavu za ngozi na aproni, kisha akasimama juu ya sufuria kwa uzito wa mtu anayeswalisha. Kitabu kilisema ukitaka kusafisha risasi iliyoyeyuka, dondosha kipande kidogo cha nta, ukoroge, uchafu utapanda juu. Kitabu kilisema kidogo. Mume wangu anatoka katika ukoo wa watu ambao "kidogo" kwao ni hisia. Akatia mshumaa. Si kipande cha mshumaa, mshumaa, mmoja wa ile ya siku umeme ukikatika. Moshi mweupe ukapanda, ukajipanga vizuri, kisha ukashika moto wenyewe kwa ndimi za njano. King'ora cha nyumba kikapiga ukunga, cha jirani kikaitikia, na bibi wa nyumba ya tatu, ambaye siku zote ametutazama kwa makini, akawapigia zimamoto.

Walikuja vijana wanne wamevaa mavazi kamili. Moto ulikuwa umeshazimika wenyewe, kama kitabu kilivyoahidi kwenye ukurasa ambao mume wangu hakuufikia. Mkubwa wao akatazama sufuria, akatazama ndoo, akatazama kalibu, nami nikajiandaa kueleza kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba sisi ni watu wa amani. Akauliza, "Foster au Brenneke?"

Wakaongea kwa muda mrefu kiasi kwamba niliwatolea vijana wale chai barazani, mbali na nchi ya viza.

Swali lile lina uzito wake, na tangu siku hiyo wageni wetu wote hulisikia, wapende wasipende, kati ya wali na matunda. Brenneke ni Wilhelm Brenneke, Mjerumani aliyebuni slagi yake mwaka 1898, donge zito lililofungwa kizibo mkiani. Foster ni Karl Foster, Mmarekani, aliyekuja na yake mwaka 1931, imebonyea nyuma, uzito wote uko kichwani. Zote mbili zina mitaro ubavuni, na kila mgeni huinua kidole kusema mitaro hiyo ni ya kuizungusha risasi hewani. Mume wangu hungojea kidole hicho. "Hapana!" husema kwa furaha isiyo na kifani. Mitaro ni ya kuipa risasi pa kubanika inapopita kwenye mdomo wa mtutu uliobanwa; kinachoinyoosha ni kichwa kizito kinachotangulia na mkia mwepesi unaofuata. Mgeni husema maashaallah, huomba maji.

Ajali ya pili haikuhitaji zimamoto. Mume wangu alikuwa ameacha vipande vya risasi alivyokwisha kuvisafisha nje ya mlango, theluji ikavipitia usiku, na asubuhi akatumbukiza kimoja sufuriani. Chochote chenye unyevu kikizama chini ya risasi ya moto, maji hugeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na mvuke hautaki kukaa chini. Ulisikika mlio wa pafu, mfupi, na sufuria ikajitapika. Yeye hakuguswa, miwani, glavu na aproni vilijilipia hapo hapo, na hivyo ndivyo vifaa pekee ambavyo sijawahi kuulizia bei. Lakini dari ya gereji ilipata nyota za fedha, na kioo cha nyuma cha gari langu kikapata kipele kimoja kinachong'aa, kimeganda pale hadi leo. Fundi wa kioo alikiangalia, akakikwaruza kwa ukucha, akaniuliza tuliegesha wapi.

Kalibu nayo ina tabia za mama mwenye nyumba. Ni vipande viwili vya alumini vyenye mishikio ya mbao, na juu yake bamba dogo lenye tundu la kumiminia. Ikiwa baridi, slagi hutoka imekunjamana uso. Ikizidi moto, hutoka imepauka, na umande mweupe juu yake. Unamimina, unangoja igande, unagonga bamba lizunguke likate mkia, unafungua, slagi inaanguka kwenye kitambaa ikimetameta. Kitabu kinasema bamba lisigongwe kwa chuma, litaharibika. Ligongwe kwa mti. Mimi nilikuwa jikoni natafuta mwiko wangu wa mkwaju niliochongewa Pangani, ambao umepika ubwabwa wa harusi tatu na hitima mbili. Nikasikia kutoka gereji: ko, ko, ko. Nikaujua kwa sauti.

Mwiko huo sasa ni raia wa gereji. Kwa sheria zangu mwenyewe hauwezi kurudi, na hilo baba watoto alilitaja kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayejua kwamba ana haki na hana usalama.

Tukafika kwenye baruti, nami nikakaza kamba. Baruti ya kisasa haitoi moshi, haifanani na ule unga mweusi wa gobore. Hii yetu ni vipande vidogo vyembamba, vya kijivu cheusi, ukiviona kwenye kijiko utasema ni majani ya chai. Kwa hiyo ikawa marufuku kuihamisha kutoka kopo lake la asili. Shangazi wa mume wangu alipotutembelea kutoka Minnesota alilikuta kopo liko wazi juu ya meza ya gereji, vipimo vikiendelea, akainama akanusa. "Mna majani mazuri hivi mmeyaficha huku, ndani mnaninywesha ya vifuko?" Mume wangu akalifunika kopo kwa mwili wake wote. Shangazi bado anaamini tunamnyima.

Vipimo vya baruti ni vya greni, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja, kwa hiyo tunazungumzia uzito wa chembe. Kitabu kinataja ganda la aina gani, fataki ya aina gani, kikombe gani, baruti gani na kiasi gani, na mwishoni kinakataza kwa herufi nzito kubadilisha hata kimoja. Mume wangu akaona fataki za aina iliyoandikwa zimekwisha dukani, lakini za aina nyingine zipo, tena kwa punguzo. "Zinafanana," akasema. Nikamwambia maabara tumewahi kuwa na mtu aliyesema zinafanana, sasa anauza nyumba. Tangu hapo mizani ikawa yangu. Yeye husoma, mimi hupima, yeye husema "inatosha", mimi nasema bado. Majirani wengine huenda sinema.

Kufunga mdomo wa ganda ndiko kulikoila subira yake. Vitu vyote vikishapangana ndani, fataki, baruti, kikombe, slagi, mashine hukunja ukingo wa plastiki uingie ndani na kuziba. Vilivyopangana vikizidi kimo hata kwa unywele, ukingo hukataa kufunga. Vikipungua, katikati huzama na kuacha kishimo. Ukiusukuma mkono wa mashine kwa hasira, ganda huvimba kiunoni, na ganda lenye kiuno haliingii kwenye bunduki. Yale yenye kiuno yalifunguliwa, yakapanguliwa, yakaanzwa upya. Watoto walijifunza Kidigo kingi kupitia ukuta.

Hatimaye zikapatikana slagi za kutazamika, akaenda nazo uwanja wa shabaha na jirani. Nilifuatana nao, maana nilitaka kuona greni zangu zikifanya kazi. Na zilifanya. Kwenye karatasi iliyo kama mita 45 mbele, matundu yalijikusanya vizuri kuliko yale ya risasi za duka, jirani akavua kofia. Ila teke la shotigani ya geji 12 inaporusha wakia nzima ni teke kweli, na bunduki ile kuukuu ilikuwa na kitako cha mti mtupu bila mpira. Mume wangu alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa uso, upande wa pili ukitoa machozi. Usiku nikamkanda kwa mafuta ya karafuu, bega limekuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Kwa siku kadhaa alipoinua mikono kuhirimia swala, mmoja ulifika sikioni, wa pili uliishia kifuani, na kijana aliyesimama nyuma yake msikitini akamuuliza kwa adabu ni madhehebu gani hayo.

Wiki ya bunduki kwa kulungu hapa huanza Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani. Jioni ya Jumapili alipanga vyake mezani: fulana ya rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka, kisu kilichonolewa, thermosi, kibali. Alikuwa ameshamuuliza imamu kuhusu bismillahi wakati wa kufyatua, akarudi ameridhika. Halafu akatoa mfukoni vijiboksi viwili vya slagi, vipya, vya dukani, stika ya bei bado iko juu.

Nikageuka kutazama kabati la vioo. Zile zetu zilikuwa zimepangwa humo, wima, zimefutwa kwa kitambaa laini, kwenye rafu ambako seti yangu ya vikombe vya Oman ilikuwa imesogezwa kuzipisha.

"Na hizi?" nikauliza. "Si ndizo ulizotengeneza za kuwindia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hizo nikazipige porini? Mama watoto, unajua kila moja imenigharimu kiasi gani?"